Laptopu ya Chuo: Iwashe Kwanza, Pesa Utume Mwisho

Septemba mwaka jana, mama mmoja wa Ruiru alitupigia simu dakika arobaini hivi baada ya kutuma shilingi 22,000. Kijana wake alikuwa ameitwa chuoni Juja, na mama alikuwa ameona laptopu mtandaoni, picha safi, bei poa. Muuzaji akamwambia, "Tuma tu sasa hivi mum, boda anakuletea hapo steji." Akatuma. Boda hakuja, na simu ya muuzaji ikazimwa. Tulipofuatilia, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti.

Hatukuweza kuzirudisha. Tunalisema waziwazi kwa sababu wateja wengi wanadhani kila pesa iliyotumwa inaweza kurudi. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, naye akazitoa, kinachobaki ni kwenda kituo cha polisi kuandikisha OB, halafu kusubiri.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wetu, hata kama inachekesha kampuni ya malipo kukwambia usilipe: laptopu ya chuo isilipiwe, hata deposit ya elfu mbili, kabla hujaishika na kuiwasha. Na usiifuate Moi Avenue au Luthuli kwa sababu tu umeambiwa Nairobi ni rahisi. Ukipunguziwa elfu moja halafu chaja ife wiki ya pili, utapanda matatu mara ngapi kufuata waranti? Duka la Thika au Ruiru unaloweza kurudi kwa miguu ukiwa umekasirika lina thamani yake.

Sasa, ununue gani? Ukiwa na kati ya elfu 25 na elfu 35, usidanganywe na neno "mpya". Mpya ya bei hiyo mara nyingi ni prosesa dhaifu na RAM ya GB 4, na ukifungua kurasa tano za mtandao inaanza kuhema. Sisi tungechukua ex-UK, zile zilizotumika maofisini Ulaya: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Zilitengenezwa zibebwe kila siku, na fundi yeyote wa mjini anazijua.

Shida ni kwamba kwa macho ya mgeni zote zinafanana, na hapo ndipo watu wanapigwa. Muuzaji anakwambia "hii ni Core i5" na wewe unafurahi. Core i5 ya mwaka gani? Angalia namba inayofuata baada ya i5. Ikiwa 6300U, hiyo ni ya kizazi cha sita. Ikiwa 8250U au 8350U, ni cha nane. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane hivi. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, G5 ni ya cha nane. ThinkPad T480 na Latitude 7490 pia ni za cha nane. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani, nayo inafanya kazi, ila usilipie bei ya G5 ukapewa G3 iliyopakwa poda. Ongeza hapo RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. SSD usikubali kuikosa.

Wa usanifu majengo na uhandisi, subirini kidogo. Programu za kuchora zinataka mashine nzito zaidi, na ni afadhali uulize wa mwaka wa pili kabla ya kununua kitu utakachouza kwa hasara Februari. Wa biashara, ualimu au uanahabari, hiyo ya juu inakutosha mpaka ugraduate.

Ukifika dukani, usione haya kukaa nayo nusu saa. Chapa kila herufi ya kibodi. Unganisha hotspot ya simu yako, jaribu kamera, sauti, kila tundu la USB. Izime, iwashe tena ukibonyeza F10 kama ni HP au F2 kama ni Dell. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji hana, shukuru uondoke, kwani huenda bado ina mwenyewe. Kwa betri, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilianza na uwezo gani na sasa imebaki na ngapi. Ikibaki nusu, ni haki yako kuomba bei ishuke au betri ibadilishwe.

Hapo ndipo simu itoke mfukoni. Lipa kwa till ya duka, usikubali "tuma kwa namba yangu ya kawaida, till ina shida leo". Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na namba ya siri ya mashine, yaani serial number, iandikwe kwenye risiti. Siku ikiibwa kwenye hosteli, polisi watakuuliza hiyo.

Kuhusu mkopo, tunajua wengi wenu hamna elfu 28 kwa mpigo. Lakini piga hesabu kabla ya kuingia lipa mdogo mdogo. Chukua mfano wa deposit ya 5,000 na shilingi 120 kila siku kwa mwaka: hiyo ni 48,800. Aliyemaliza KCSE Novemba anaingia chuo karibu Septemba. Akiweka shilingi 100 kwa siku kuanzia Desemba mosi mpaka mwisho wa Agosti, ana 27,400, na hadaiwi na mtu. Mia moja kwa siku si kidogo kwa kila nyumba, hilo tunalielewa. Kama haiwezekani, maabara ya kompyuta ya chuo na saiba ya nje ya geti zitambeba mwanafunzi muhula mmoja wakati pesa zinakusanywa. Hajawahi kufukuzwa mtu kwa kukosa laptopu wiki ya kwanza.

Yule mama wa Ruiru alifanya hivyo. Kijana alitumia saiba mpaka Desemba, na Januari wakaenda wote wawili duka moja la Thika. Alitupigia tena siku hiyo, tukadhani yamemkuta mengine. Kumbe alikuwa anauliza jina la duka lililotokea kwenye till, lenye maneno matatu, linaruhusiwa kuwa refu hivyo, kwa sababu kijana alikuwa amemkataza kuweka PIN kabla hajalisoma lote.