Orijino Yenu na Fiat Yetu

Kuna neno moja ningelipiga marufuku Kenya nzima kama ningekuwa na uwezo: orijino. Si kwa viatu. Kwa viatu fanyeni mnavyotaka. Nasema kwa magari ya kale, hasa yale ya Kiitaliano, Fiat na Alfa Romeo na Lancia, ambayo siku hizi watu wa Nairobi wanayatafuta vijijini kama warina asali.

Hili neno lina ujanja. Mnunuzi akija kwako, linashusha bei: "Mzee, hii si orijino, kabureta si yake, viti si vyake, nitakupa bei ya chuma tu." Gari likishafika Nairobi, likapigwa msasa na kupakwa rangi, neno lile lile linapandisha bei: ati ni orijino kabisa, lilikuwa kwa mkulima mmoja huko Mbeere, halijaguswa. Gari ni lile lile. Aliyebadilika ni msemaji.

Mimi ni mtu wa Kiambere, upande wa Embu, pale mto Tana ulipozibwa kwa bwawa la umeme. Kwa asiyepajua: ni joto, ni vumbi jekundu, ni mbuzi na muguka. Gari la huku ni Probox, na Probox ikiwa imebeba muguka haisimami hata kwa salamu. Lakini huu ukavu wetu una faida. Fiat za miaka ya sitini na sabini zina sifa mbaya ya kuliwa na kutu. Iache moja Mombasa uone. Hewa ya chumvi itaimaliza kabla watoto wako hawajamaliza shule. Iache Kiambere chini ya mgunga, rangi itafifia, mipira itapasuka, kuku watatagia kiti cha nyuma, lakini bodi itabaki kuwa bodi. Ndiyo maana wanakuja. Hawaji kutazama mandhari.

Sababu nyingine ni sheria. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe nchini likiwa limezidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo Fiat ya 1970 huwezi kuiagiza tu kama unavyoagiza Vitz. Tunazo hizi zilizobaki, na kila moja inayokatwakatwa kwenda kwa wauza vyuma chakavu inaziongezea thamani zilizosalia. Mtu wa Nairobi analijua hilo. Shangazi yako halijui. Biashara nzima imekaa kwenye hilo pengo.

Yetu ni Fiat 124. Babu aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiendesha mpaka macho yakamkataa. Wajuzi wanaiheshimu 124 kwa sababu nzuri: ilipotoka mwaka 1966 ilikuwa gari la mtu wa kawaida, injini ya sisi 1,197, lakini ilikuja na breki za diski kwenye magurudumu yote manne wakati magari mengi ya bei yake bado yalikuwa na dramu. Mwaka 1967 ikatawazwa gari la mwaka Ulaya. Gari jepesi, halijafika hata kilo 900. Babu alipenda kusema inakula mafuta kama inaonja.

Mwaka jana bwana mmoja alifika nyumbani, suruali ya kaki, kofia ya safari, heshima nyingi. Alizunguka gari mara mbili, akafungua boneti, akasikitika kama daktari. Altaneta ya Toyota. Kabureta ya Datsun. Viti vya mbele vya Peugeot 504, vilivyotoka kwenye matatu iliyokufa. Kila alichoona kilikuwa dhambi. Mwishowe akataja shilingi 40,000, na baba mdogo akaanza kutafuta kalamu.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu hiyo kabureta, kwa sababu ndiyo iliyomsikitisha zaidi. Ya kwanza, Weber, ilikufa, na spea haikupatikana Embu wala Kirinyaga Road kwa bei ambayo mkulima wa mtama angeweza kulipa. Fundi wetu wa Kiritiri akapata kabureta ya Datsun. Matundu hayakulingana na manifoldi. Akachukua kipande cha aluminiamu nene, akakitoboa kwa drili ya mkono, akakipiga tupa siku mbili mpaka kikakaa katikati ya manifoldi na kabureta bila kuvuja hewa. Hakuwa na mchoro. Alipimia kwa karatasi ya boksi la chai na masizi. Mimi nilisomea uhandisi wa mitambo mpaka mwaka wa pili kabla ya kuacha chuo, na katika muda wote huo nilichora vifaa vingi sana na sikutengeneza hata kimoja. Kipande kile kimefanya kazi miaka kumi na kitu. Mnunuzi alikigonga kwa kucha, akasema, "Hii ndiyo inaharibu thamani."

Inaharibu thamani ya nani?

Twende kwenye hiyo dini ya orijino yenyewe tuone kama ina msahafu. Hii 124 yetu, Wasovieti waliinunulia haki ya kuiunda, wakajenga kiwanda katika mji waliokuwa wameupa jina la Togliatti, mkomunisti wa Italia, na kuanzia 1970 wakaitoa kwa jina ambalo baadaye dunia ililijua kama Lada. Lakini kwanza walibadilisha mamia ya vitu, kwa sababu barabara zao zilikuwa mbovu na baridi yao kali. Waliinua gari, wakatia bati nene zaidi, wakaweka injini nyingine, na zile diski za nyuma wakazing'oa wakarudisha dramu ili tope lisizimalize. Wahandisi wenye tai wakifanya hivyo kiwandani inaitwa kuboresha. Fundi wa Kiritiri akifanya hivyo chini ya mwembe, kwa barabara mbovu vile vile, inaitwa kuharibu.

Au tupande juu kabisa, kwa miungu wenyewe. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu. Mwezi Agosti 2018 moja iliuzwa kwa mnada huko Monterey, California, kwa zaidi ya dola milioni 48. Unajua nini? Bodi iliyokuwa imevaa siku hiyo si ile iliyozaliwa nayo. Mwaka 1964 ilivishwa bodi ya toleo jipya ili iendelee kushindana. Hakuna aliyeigonga kwa kucha na kusikitika. Mabadiliko ya gari la tajiri yanaitwa historia na yanaandikwa kwenye katalogi ya mnada. Ya gari la babu yangu yanapunguzwa kwenye bei, moja moja, kwa sauti ya huruma.

Hata hapa kwetu. Lancia Delta iliyompa Miki Biasion ushindi wa Safari Rally mwaka 1988, na akarudi kushinda tena 1989, haikuwa gari la dukani. Ilitiwa vyuma vya mbele kwa ajili ya ng'ombe na punda, ikaimarishwa kila mahali, kwa sababu Waitaliano walijua kwamba Kenya haiendeshwi kwa gari la Turin lilivyo. Tuliwapigia makofi. Mwaka huo huo wa 1988 mitambo ya Kiambere ilianza kuzalisha umeme, na wazazi wetu wakautazama ukipita juu ya vichwa vyao kwenye nyaya kubwa ukielekea mjini huku wao wakiwasha koroboi. Nisamehe kama naona mambo haya mawili yamekaa kwenye sentensi moja bila shida. Sisi tumezoea kitu cha thamani kupita kwetu bila kusimama.

Najua jibu lao, na si jibu la kijinga. Wanasema: bila sisi hilo gari lingeoza. Tunalipia spea kutoka Italia, tunalipa ushuru, tunalipa mpaka rangi, na hatutazirudisha hizo pesa. Kweli. Kuna Alfa Romeo Nairobi leo zinazonguruma vizuri kwa sababu kuna mtu alizipenda kuliko akiba yake. Klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa mashindano ya Concours d'Elegance tangu 1970, magari yanapangwa Uwanja wa Ngong, majaji wanainama mpaka uvunguni kutafuta uchafu. Nimewahi kwenda. Ni maridadi, na kulikuwa na Alfa moja nyekundu niliyoitazama mpaka mwenyewe akaanza kunitilia shaka. Sina ugomvi na mapenzi. Nina ugomvi na bei, na ugomvi na kikombe kumwendea mwenye gari peke yake, kana kwamba yeye ndiye aliyelala chini yake miezi minane.

Fundi wangu simtaji jina kwa sababu ameniomba nisimtaje. Ana madeni, na anasema wanaomdai wanasoma sana. Lakini wapo wengine Gikomba, Embu mjini, Nakuru, wasio na madeni na wasiotajwa hata hivyo. Mtu anakwambia "nimerestoa Fiat," kisha ukimwuliza kabureta ilisawazishwaje anatazama simu. Sema nililipa irestolewe. Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa hiyo kauli ya kutendwa.

Na nyinyi ndugu zangu wa Mbeere, mlio na Fiat au Peugeot au chochote chini ya mti, acheni kuuza kwa huruma. Kitu cha kwanza ni karatasi. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, mnunuzi atakwambia, "Usijali, ya logbuku nitajipanga mwenyewe," na hapo hapo ameshakata nusu ya bei. Nendeni kwa chifu mchukue barua, nendeni mahakamani muombe usimamizi wa mali. Ombi linatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, mnangoja siku 30 kama kuna mwenye pingamizi, hati ikitoka mnangoja tena miezi 6 ithibitishwe. Inachosha, ndiyo. Baba mdogo analalamika kila tukipanda matatu ya kwenda Embu. Lakini gari limengoja chini ya mti miaka yote hiyo. Halitakufa kwa miezi 6 zaidi.

Kitu cha pili, andikeni. Nani alibadilisha nini, mwaka gani, kwa nini. Mnunuzi wa Nairobi anaogopa kitu kimoja tu kuliko kutu, nacho ni muuzaji mwenye daftari. Mimi nimeanza letu, daftari la shule la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una kabureta, na fundi amenichorea kile kipande cha aluminiamu kwa vipimo vyake. Viti vya Peugeot vimo, pamoja na jina la matatu vilikotoka, maana dereva wake wa zamani bado anauza mbuzi hapo sokoni na anakumbuka kila kitu.

Yule bwana amepiga simu mara tatu tangu wakati huo. Mara ya mwisho alikuwa amefika 120,000, kwa gari lile lile lililoharibika. Nimemwambia hati bado iko mahakamani, na kwamba siku akija, bei itakuwa nyingine, fundi atakuwepo, na kabureta haitoki.