Jirani Asiye Mwislamu Naye Ana Haki

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak. Wapiganaji wa Al-Shabaab wakaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Maana ya amri hiyo haikumfichikia mtu. Novemba 2014 basi jingine lilikuwa limetekwa njia hiyo hiyo ya Mandera, na watu 28 waliotambuliwa kuwa si Waislamu wakauawa. Aprili 2015 walikuwa wameuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Safari hii mambo yalikwenda vingine. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakagoma kutengana: wauawe wote au waachwe wote. Watu wawili walikufa katika shambulio lile. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa na nafasi ya kujiokoa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 akiwa anatibiwa Nairobi.

Sifa zilimiminika. Serikali ilimpa marehemu nishani, na filamu ya Watu Wote, iliyotokana na kisa hicho, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Wanastahili hayo yote. Lakini kusifu ushujaa ni rahisi, na baada ya kusifu watu huenda zao. La kuulizwa ni jingine. Abiria wale hawakuwa na muda wa kumpigia simu sheikh wala kusubiri fatwa. Walitenda walilokuwa nalo moyoni tangu nyumbani. Je, mtoto anayesoma madrasa leo, Tanga au Mombasa au Kigoma, analipata wapi jambo hilo, na analipata akiwa na umri gani?

Uislamu haukuliacha suala hili kwa tabia njema ya mtu mmoja mmoja. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 aliukuta mji wa watu mchanganyiko: koo za Aus na Khazraj, ambazo baadhi ya watu wake walikuwa hawajasilimu, na koo za Kiyahudi. Mapatano yaliyoandikwa hapo, yanayojulikana kama Sahifa ya Madina, yaliwahesabu Mayahudi wa Banu Auf kuwa umma pamoja na waumini huku kila upande ukibaki na dini yake, na wote wakabeba mzigo wa kuulinda mji. Baadaye yalitokea magomvi na vita baina ya Waislamu na makabila kadhaa ya Kiyahudi, na anayeisimulia Madina kana kwamba hapakuwahi kutokea ugomvi anawadanganya wasikilizaji wake. Hata hivyo masahaba walijifunza hapo mambo ambayo vita havikuyafuta.

Mmoja wao ni Abdullah bin Amr bin al-As. Abu Daud na Tirmidhi wanapokea kwamba alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, naye neno lake la kwanza likawa kuuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa fungu lake. Akauliza tena. Hakuuliza nyama imeiva au bado, wala nani amekuja kula. Hoja yake ilikuwa hadithi ambayo karibu kila Mwislamu anaijua, kwamba Jibril alimuusia Mtume juu ya jirani hata Mtume akadhani jirani atafanywa mrithi. Wengi huisoma hadithi hiyo wakimfikiria jirani wa saf moja msikitini. Abdullah, aliyeisikia kwa masikio yake, alimfikiria Myahudi wa nyumba ya pili.

Bukhari naye anapokea kisa cha Sahl bin Hunaif na Qais bin Saad, masahaba waliokuwa wameketi Qadisiyya, Iraq, jeneza likapita, nao wakasimama. Walipoambiwa kuwa maiti ni mtu wa nchi ile asiye Mwislamu, walijibu kwamba Mtume aliwahi kusimama likipita jeneza la Myahudi, na alipoelezwa aliuliza kama yule naye hakuwa nafsi. Ni hadithi fupi, haina tatizo la isnadi, na ni nadra kusikika juu ya mimbari.

Hapo ndipo penye upungufu. Watoto wa pwani, kizazi baada ya kizazi, wameanza fiqhi kwa Safina, kijitabu kinachowafunza nguzo, tohara, udhu, swala na zaka. Ni kitabu chema kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini mtoto akitoka madrasa anajua maji ya kiasi gani yanatawadhisha, na hajui amjibu nini Mkristo wa jirani akimletea sahani ya pilau siku ya Krismasi. Aya ya 8 ya Sura al-Mumtahina, isiyowakataza Waislamu kuwatendea wema na uadilifu wasiowapiga vita kwa ajili ya dini, ameihifadhi pengine kwa tajwidi safi kabisa. Hakuna aliyemwambia kuwa inamhusu mama anayeuza mboga mtaani kwao. Pengo hilo huja kuzibwa na wengine, na si wote wanaolizibia heri.

Mfano ni habari ya kuchinja. Tanzania Bara kwa miaka mingi ilikuwa desturi ya kiungwana kwamba Mkristo mwenye harusi au msiba humwita Mwislamu amchinjie ng'ombe, ili wageni wote wale chungu kimoja. Hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa heshima ya mwenyeji kwa wageni wake, na Mwislamu aliyeitwa alitakiwa kuipokea kama heshima. Taratibu, baadhi ya watu wakaanza kuiona heshima hiyo kuwa ni haki yao ya kudai, na baadhi ya Wakristo wakaiona ni unyonge wa kuukataa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uligeuka mapigano na mchungaji mmoja akauawa. Mtu ameuawa kwa sababu ya kitoweo!

Fiqhi inasema nini? Aya ya 5 ya Sura al-Maida inawahalalishia Waislamu chakula cha Watu wa Kitabu. Wanazuoni wamekhitalifiana katika masharti yake, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, yana kauli kali juu ya nani hasa anayehesabiwa kuwa Mtu wa Kitabu, kwa kuangalia wazee wake waliingia dini hiyo lini. Basi anayeishika kauli hiyo asile, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kauli yake inahukumu sahani yake tu. Haimpi mamlaka juu ya kisu cha mwenzake wala bucha la mwenzake. Mwenye shaka anunue kwa Mwislamu, mwenye bucha aandike wazi nyama yake imechinjwa na nani, na kila mtu ale anachokiamini. Suala zima lingekwisha kwa kibao cha mbao na rangi kidogo, lau watu wangefundishwa mapema.

Wakati mwingine upinzani wa dini huzaa matunda. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, aliyekuwa Zanzibar, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ambayo Waislamu waliyaona ni mashambulizi. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Waahmadiyya, nayo ikawakera Masunni. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alishika kalamu, na mwaka 1969 ikatoka kamili tafsiri yake, Qurani Takatifu, inayosomwa mpaka leo. Na kabla yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwaamsha Waislamu kwanza kwa kuwaonyesha makosa yao wenyewe. Mihadhara ya viwanjani iliyoenea tangu miaka ya 1980 haikufuata daima njia ya mabwana hao. Mhadhiri ana Biblia mkononi na kipaza sauti mdomoni, naye mhubiri wa injili amefunga spika zake uwanja wa pili, kila mmoja anatafuta kicheko cha watu wake. Kujadiliana si haramu. Lakini Qurani, katika al-An'am aya ya 108, imekataza kuyatukana wanayoyaabudu wengine, na inashangaza jinsi wenye kuihifadhi Biblia ya watu neno kwa neno wanavyoisahau aya hiyo moja iliyo kitabuni mwao.

Matokeo yake yalionekana Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana, mmoja akaukojolea msahafu, na watu wazima wakaenda kuchoma makanisa. Miezi miwili kabla, baada ya Sheikh Aboud Rogo kuuawa Mombasa, baadhi ya vijana waliyavamia makanisa pia. Waumini wa makanisa hayo walihusikaje na mauaji yale? Aya ya 40 ya Sura al-Hajj, inapotaja nyumba za ibada ambazo Mungu huzikinga zisibomolewe, huanza na za watawa, ikafuatisha makanisa na masinagogi, ndipo ikaja kwenye misikiti. Anayeshika kiberiti mbele ya kanisa anaipinga aya hiyo, hata kama ametoka kuswali.

Haimaanishi kwamba Waislamu hawana la kulalamikia. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Madai hayo ni ya haki na yasinyamaziwe. Mlango wa kuyapeleka ni serikali, mahakama na bunge. Jirani anayekwenda ibadani Jumapili hana ufunguo wa Kasarani.

Na kipimo kiwe kimoja. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua hukumu iliyokuwa imewaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya kanisa huko Isiolo. Waislamu waliumia, na walieleza vizuri sana kwa nini walio wachache wapewe nafasi ya kuishika dini yao. Hoja hiyo hiyo isafiri mpaka Zanzibar, ambako Machi 2024 polisi walikamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Mgeni kujizuia kula mbele ya waliofunga ni adabu nzuri, na mwenyeji ana haki ya kuiombea. Lakini sheria ya Kiislamu yenyewe imemsamehe mgonjwa, msafiri, mjamzito na mwenye hedhi, na asiye Mwislamu haimtaki afunge hapa duniani. Pingu zimetoka wapi?

Wako wanaoogopa kuwa mazungumzo haya yatawachanganyia dini. Hofu hiyo isidharauliwe, maana zipo hafla ambazo sheikh na askofu hushikana mikono mbele ya kamera na kusoma dua isiyoeleweka ni ya nani. Hakuna anayelazimika kwenda huko. Sura al-Kafirun imeweka mpaka: kila mmoja ana dini yake. Mwislamu anaweza kubeba jeneza la jirani mpaka kaburini bila kuitikia asichokiamini, na Mkristo anaweza kupika futari bila kufunga. Azimio la Marrakesh la Januari 2016 na Hati ya Udugu waliyotia saini Papa Fransisko na Sheikh Ahmad al-Tayeb wa Al-Azhar, Abu Dhabi, Februari 2019, hazikumtaka mtu aache itikadi yake. Tatizo la maandiko hayo ni kwamba yamekaa hotelini. Khatibu wa mtaani hajayaona, na huenda hayahitaji sana, kwa kuwa mbuzi wa Abdullah bin Amr anatosha kwa khutba nzima.

Basi walimu wa madrasa wasingoje semina. Kando ya Safina waongeze hadithi kumi za jirani, wazihifadhishe, wazifanyie mtihani mwisho wa mwaka. Maswali yawe ya mtaani: Jirani Mkristo amefiwa, utafanya nini tangu saa ya kwanza mpaka siku ya tatu? Mwenzako shuleni anakuuliza kwa nini huli nyama ya nguruwe, mjibu bila kumdhihaki. Atakayeshindwa arudie darasa, kama anavyorudia aliyeshindwa kutaja faradhi za udhu.