Ushahidi Uliomo Garini Asinyimwe Mwenye Gari

Ajali inapotokea barabarani, kazi ya kwanza ya askari ni kuokoa maisha ya watu. Kazi ya pili ni kutafuta ukweli. Kwa miaka mingi ukweli huo tumeutafuta kwa kamba ya kupimia, kwa alama za matairi juu ya lami, kwa vioo vilivyovunjika na kwa maneno ya mashahidi. Njia hizo bado zafaa, na askari mwenye bidii hataziacha. Lakini kila aliyefanya kazi ya trafiki anajua jinsi mashahidi wanavyopingana: huyu asema gari lilikuwa mbio, yule asema lilikuwa limesimama, na dereva aliyeumia hakumbuki lolote.

Siku hizi yupo shahidi mwingine ambaye wengi wetu hatujamzoea. Yumo ndani ya gari lenyewe. Magari mengi ya kisasa yana chombo kidogo cha umeme kinachoamuru mifuko ya hewa ifunguke wakati wa kugongana, na chombo hicho hunasa pia habari za wakati ule. Kazi yake yafanana na ya kile kinasa habari cha ndege kiitwacho sanduku jeusi, ila hiki cha gari hakinasi sauti za watu, na kumbukumbu yake ni fupi mno. Huko Marekani, kampuni ya General Motors ilianza kuweka vinasa vya namna hiyo katika magari yake yenye mifuko ya hewa tangu mwaka 1974.

Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kueleza chombo hicho kinase nini. Kanuni hiyo yataka ziandikwe habari za sekunde 5 kabla ya kugongana: mwendo wa gari, jinsi pedali ya mafuta ilivyokanyagwa, na kama breki ilikanyagwa au la. Yataka pia iandikwe kama dereva alifunga mkanda, na jinsi mwendo ulivyobadilika kwa ghafula gari lilipogonga. Mwezi wa Desemba 2024 kanuni hiyo ilirekebishwa ili magari yatakayoundwa baadaye yanase sekunde 20 badala ya 5, na kupima mara 10 katika kila sekunde. Sekunde 20 ni chache katika maisha ya mtu, lakini zaweza kutosha kumfunga asiye na hatia au kumwokoa.

Basi habari hizo ni mali ya nani? Je, ni za kiwanda kilichounda gari, za kampuni ya bima, za polisi, au za mwenye gari? Wamarekani walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Jimbo la California lilitangulia kutunga sheria, na majimbo mengine yakafuata. Hatimaye, mwezi wa Desemba 2015, Bunge lao lilipitisha sheria ya nchi nzima isemayo kwamba habari zilizomo katika kinasa ni mali ya mwenye gari, au ya yule aliyelikodi kwa mkataba. Mtu mwingine haruhusiwi kuzichukua ila kwa amri ya mahakama au ya chombo kingine chenye mamlaka ya sheria, kwa idhini ya mwenyewe, au kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile kumsaidia majeruhi na kufanya uchunguzi wa usalama barabarani bila kumtaja mtu.

Sheria hiyo ni nzuri, lakini mwenye mali anaweza kuwa na sanduku asiwe na ufunguo. Habari za kinasa hazisomwi kwa macho. Zahitaji mtambo maalumu na mtu aliyefundishwa kuutumia, na bei yake yapita uwezo wa mtu wa kawaida. Tena kuna mtego mwingine. Gari likiharibika kabisa, kampuni ya bima hulipa fidia na kulichukua gari. Mwenye gari akisha kutia sahihi hati ya kuhamisha umiliki, ushahidi wake nao umekwenda. Wako watu waliogundua jambo hilo wakati gari lao lilikwisha kuvunjwa vunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kila gari dogo jipya linaloandikishwa tangu Julai 2024 sharti liwe na kinasa hicho. Sheria ya huko yawapa wakuu wa serikali habari hizo kwa ajili ya kuchunguza ajali, bila kuonyesha gari ni la nani. Hapo twaona jambo la kujifunza: haitoshi kuamuru chombo kiwekwe, yafaa pia kutamka waziwazi jinsi mwenyewe atakavyopata kilichoandikwa.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya Marekani na Ulaya yatuhusu nini sisi tulio katika sare hapa Uganda? Yatuhusu, kwa sababu magari tunayoyaendesha yametoka ng'ambo, mengi yakiwa yametumika kwanza huko Japani. Tena sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba kila mwaka unaopita, magari yenye vinasa yanaongezeka katika barabara zetu, hata kama mwenyewe hajui kwamba anacho.

Tena hatuanzi kutoka patupu. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, yasema kwamba mshtakiwa apewe muda na nafasi ya kutosha kutayarisha utetezi wake. Kifungu cha 41 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au kuingilia siri za mtu mwingine. Mwendo wa gari la mtu kabla ya kugongwa si siri ya vita.

Tuchukue mfano. Koplo anatoka zamu usiku, anaendesha gari dogo alilolinunua kwa akiba yake. Kwenye njia panda anagongana na gari la tajiri. Tajiri ana wakili na mashahidi watatu. Koplo yuko peke yake. Lakini ndani ya gari lake imeandikwa kwamba alikuwa akienda polepole na breki ilikwisha kukanyagwa. Asipoweza kupata maandishi hayo, atapoteza kazi yake, na huenda akafungwa. Nani kati yetu asingependa koplo huyo apewe haki yake?

Sasa tugeuze mfano huo. Lori la jeshi limegonga gari la mwalimu. Huenda lori letu halina kinasa. Ushahidi wote umo ndani ya gari la mwalimu, na gari hilo limevutwa hadi uani kwa kituo cha polisi, mahali ambapo sisi ndio tunaoshika funguo. Mwalimu anakuja kuomba chombo kisomwe. Hapo ndipo nidhamu yetu inapopimwa. Haki tunayoitaka kwa koplo ndiyo ile ile tunayowiwa na mwalimu. Askari anayeficha ushahidi kwa sababu unamwumiza mwenzake halindi heshima ya jeshi; anaivunja.

Kwa hiyo tunawakumbusha wenzetu mambo yafuatayo. Kwanza, gari lililogongwa lisiwashwe wala kuendeshwa ovyo. Mifuko ya hewa ikiwa imefunguka, maandishi huwa yamefungwa ndani ya chombo. Ikiwa haikufunguka, tukio jingine laweza kuyafuta. Pili, chombo hicho, ambacho kwa kawaida hukaa katikati ya gari chini ya viti au karibu na gia, kisiguswe na fundi wala kuuzwa kama spea kabla kesi haijakwisha. Tatu, mwenye gari aelezwe mapema kwamba ushahidi huenda upo, hasa kabla hajatia sahihi karatasi za bima. Nne, polisi wanapohitaji habari hizo wazichukue kwa njia ya sheria, na mwenyewe apewe nakala ya yote yaliyosomwa.

Yafaa pia tusikifanye chombo hicho kuwa hakimu. Hupima mwendo kwa magurudumu, na gurudumu linaloteleza laweza kusema uongo. Hakijui ni nani aliyekuwa ameshika usukani, wala hakimwoni mtoto aliyekatiza barabara. Ni shahidi mmoja kati ya wengi, na kamba yetu ya kupimia isiachwe nyumbani.

Tungependa wakuu wa serikali na Bunge watunge sheria yenye kutamka wazi kwamba maandishi ya kinasa ni ya mwenye gari, na kwamba mtambo wa kuyasomea uwekwe kwa wakaguzi wa magari wa polisi, ili mnyonge naye ausaidikie kwa malipo anayoyaweza. Hadi siku hiyo, haki ya mwenye gari imo mikononi mwa askari wa kwanza kufika kwenye ajali. Penye ukweli uongo hujitenga, lakini ukweli ukitupwa pamoja na chuma chakavu, utajitenga na nini?