Kodi ya Miezi Sita na Meza Moja ya Bwana



Kila mwenyekiti wa jumuiya katika Unga Limited, Sombetini, Ngarenaro, Daraja Mbili au Muriet anacho kitabu cha majina ya familia. Akifungue, ahesabu majina yaliyopigwa mstari tangu Pasaka iliyopita. Wachache wamefariki. Wengine wamerudi kwao Kondoa, Singida au Rombo. Lakini walio wengi hawakwenda mbali. Wamehama nyumba tu. Kodi ilipanda, au mwenye nyumba alikitaka chumba chake, au miezi sita ilikwisha na fedha ya miezi sita mingine haikupatikana. Wamesogea mtaa wa mbele, kisha mtaa wa mbele yake tena, mahali ambapo hawamjui jirani wala jirani hawajui wao. Mtoto aliyekuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ameanza upya kwa katekista mwingine, au hakuanza kabisa. Kila mkutano wa parokia tunalalamika kwamba jumuiya zimelegea. Hatujiulizi ni nani anayezilegeza.

Waraka huu una neno moja la kusema, nasi tunalisema bayana: desturi ya kumdai mtu maskini kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajaingiza godoro lake chumbani ni dhuluma, na wanaoitenda si watu wa mbali. Wengi wao ni sisi. Mwenye nyumba na mpangaji wanapiga magoti kwenye benchi moja, wanapeana mkono wa amani Dominika asubuhi, na jioni mmoja anamwambia mwenzake akusanye vyombo.

Kwanza tutazame hesabu, maana wapo wanaodhani kwamba tunazungumzia watu wachache wasiojimudu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Ni ongezeko la watu zaidi ya 200,000 kwa miaka 10, karibu asilimia 48, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Tukichukulia watu wanne kwa kaya, Arusha imehitaji makao ya kaya zipatazo 5,000 kila mwaka, yaani kaya 14 kila siku iendayo kwa Mungu, bila kuhesabu Ngaramtoni, Tengeru, Usa River na vitongoji vingine vilivyo nje ya mipaka ya Jiji. Nani amezijenga nyumba hizo? Serikali yenyewe imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba takriban milioni 3 nchini. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, haliwezi kubeba mzigo huo. Nyumba za wanyonge wa Arusha zimejengwa na watu binafsi, tofali kwa tofali: mwalimu mstaafu, mjane, fundi, mchimbaji aliyebahatika Mererani. Jambo hili tunalikiri kwa heshima, na tutalirudia.

Na ardhi iko wapi? Juu yetu kuna msitu na Hifadhi ya Taifa. Pembeni yapo mashamba makubwa ya kahawa yaliyopimwa tangu wakati wa Wajerumani na Waingereza. Katikati wamebanwa Wameru na Waarusha, wenye vihamba vya migomba na kahawa vilivyogawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, mpaka kipande kikawa hakitoshi kulisha watu wala ng'ombe mmoja wa ndani. Wazee wanaikumbuka Novemba ya mwaka 1951, watu takriban 3,000 walipoondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki ya watu wake. Kesi ile ilisikika dunia nzima.

Leo hakuna askari wala moto. Anakuja dalali na kamba ya kupimia. Kihamba kinauzwa ishirini kwa ishirini, mzee anapata fedha ya bati na ya ada, kijana ananunua pikipiki. Miaka mitano baadaye kijana yule anapanga chumba kimoja kule chini Olasiti, na alipozaliwa pamezungushiwa ukuta wenye nyaya za umeme. Hatusemi kila mauzo ni dhambi. Mzee ana shida zake, na mgonjwa hasubiri. Lakini mara ngapi mama wa nyumba alijua baada ya kamba kupita? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Viongozi wa jumuiya wanaoitwa kuwa mashahidi wa mauzo wanaijua sheria hiyo? Au wanaijua soda inayofuata baada ya kutia sahihi?

Bei imepandishwa na mengi. Arusha ni mji wa utalii, na tangu mwaka 1999 ndiyo makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapa tangu mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Wageni wale walilipwa kwa dola, na wenye nyumba wa Njiro na Sakina wakajifunza kuhesabu kwa dola. Mahakama iliondoka, hesabu ilibaki. Ilibidi zije kanuni za Machi 2025 kupiga marufuku bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Sasa uwanja wa mpira ulioanza kujengwa Olmoti mwaka 2024 kwa ajili ya AFCON umekuwa wimbo wa kila dalali: kiwanja kikiwa upande ule, hata kama hakina maji wala njia, kinatajwa kwamba "kiko karibu na uwanja". Tunaupenda mpira. Lakini mpira hauchezwi kila siku, na mtu hulala kila usiku.

Turudi chumbani. Tuchukue chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, cha kawaida, choo cha nje. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kuonyesha mlango: shilingi 50,000. Jumla 350,000 siku ya kwanza, kabla ya kununua kufuli. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, tangu Julai 2025, analipwa shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Basi asilimia 70 ya mshahara wake imekwenda kabla hajala. Na huyo ndiye mwenye bahati. Mama lishe wa stendi, msukuma mkokoteni wa soko la Kilombero, binti wa kazi za ndani, hawana mshahara wa kukatwa. Shilingi 50,000 kwa mwezi wangeweza kuipata kwa kubana. Shilingi 350,000 kwa mkupuo hawaipati ila kwa mlango mmoja: wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewaita "kausha damu". Kwa hiyo kodi ya chumba si 50,000 tena. Ni 50,000 na riba ya kausha damu juu yake, na mtaji wa biashara umekwisha. Torati ilikataza kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wake (Kumb. 24:6). Mtaji wa mama lishe ndilo jiwe lake la kusagia. Tunauchukua wote siku ya kwanza, kisha tunashangaa kwamba mwezi wa saba hana kitu.

Lipo jambo lingine linalotuumiza zaidi, na hatuoni likihubiriwa. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikwenda kutafuta chumba. Akasalimia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama. Una watoto wangapi?" "Watatu, baba." "Basi hapa hapatakufaa. Watoto wanachafua ukuta na kumaliza maji." Alipita nyumba nne siku hiyo. Katika moja aliambiwa kwamba angekuwa na mume wangemfikiria.

Ndugu, nusu ya Watanzania ni watoto na vijana walio chini ya umri wa miaka 18 au karibu yake. Anayesema hataki watoto nyumbani mwake anasema hataki nusu ya taifa. Tunawabatiza kwa furaha, tunapiga vigelegele, tunapokea zaka ya wazazi wao, kisha tunawafungia geti. Na huyo huyo mwenye geti, mwezi Desemba, anachangia pango la Noeli na kusikitika kwamba Bethlehemu hapakuwa na nafasi.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, na Baraza la Nyumba la Mkoa ambapo mpangaji aliweza kupeleka shauri la kodi ya kuonea. Hatuililii sheria ile kana kwamba ilikuwa malaika. Iliwafaa zaidi wapangaji wa katikati ya mji kuliko mtu wa nyumba ya vyumba ya Ngarenaro. Lakini ilipofutwa, katikati ya miaka ya 2000, hakikuwekwa kitu mahali pake ambacho mpangaji wa chumba kimoja angeweza kukishika mkononi. Kisha mwaka 2021 kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tunawaomba wenye nyumba mliosoma mpaka hapa mjiulize kama mmewahi kuirudisha hiyo 1,500 hata mara moja. Ni fedha ndogo, ndiyo. Ndogo kiasi kwamba hakuna udhuru wa kutoirudisha.

Sasa tumsikilize mwenye nyumba, maana naye ni ndugu. Anasema: nimejenga kwa jasho, riba ya benki ni kubwa na haikopeshi mtu kama mimi, fedha ya miezi sita ndiyo iliyoezeka chumba cha pili, na wapangaji wengine hulala miezi mitatu bila kulipa, kisha huhama usiku. Yote haya ni kweli. Tunamjua mjane ambaye vyumba vyake vinne ndiyo pensheni yake yote, na aliyewahi kudhulumiwa na mpangaji aliyekuwa mwanakwaya. Mpangaji anayehama usiku ni mwizi, na aliambiwe hilo katika jumuiya yake. Lakini hofu ya mdaiwa mmoja haimpi mtu haki ya kuwatoza wote adhabu kabla ya kosa. Na si kila mwenye nyumba ni mjane mwenye vyumba vinne. Wapo wenye nyumba tano na sita, wanaojenga ya saba kwa kodi za wale sita. Nabii Isaya aliwakemea waliounganisha nyumba na nyumba mpaka nchi ikakosa nafasi ya wengine (Isa. 5:8), na hakuuliza kama walikuwa na hati.

Mafundisho ya Kanisa mintarafu jambo hili si mapya. Tarehe 27 Desemba 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati juu ya watu wasio na makao, na jina lake tu lilikuwa swali: umemtendea nini ndugu yako asiye na nyumba? Papa Fransisko alilirudia suala la makazi katika waraka wake wa Laudato Si', mwaka 2015. Hati hizo zimo katika maktaba za parokia. Vumbi lake tunalifahamu.

Wala Tume hii haiwezi kuandika hivi na kunyamazia ardhi yetu wenyewe. Parokia zina viwanja, baadhi zina fremu za maduka na vyumba vya kupangisha. Je, tunadai miezi mingapi? Mkataba wetu unasemaje juu ya watoto? Viongozi wa Halmashauri Walei waulize jambo hili katika kikao cha fedha, kwa adabu lakini bila woga, na jibu lisomwe mbele ya waamini.

Kwa mwaka huu tunaomba haya. Mwenye nyumba aliye Mkristo asidai zaidi ya kodi ya miezi mitatu, na kwa familia yenye watoto wadogo akubali mwezi kwa mwezi mpangaji akiwa na mdhamini katika jumuiya. Makubaliano yaandikwe, na risiti itolewe kila malipo. Fedha ya kodi ya jengo irudishwe au ipunguzwe katika kodi ya pango. Asiwepo anayekataliwa chumba kwa sababu ya watoto au kwa kukosa mume. Chama cha akiba na mikopo cha parokia kitenge fungu la kumkopesha mpangaji fedha ya kuanzia, kwa riba isiyoua. Na kila jumuiya imtume mtu mmoja, mwenye nyumba au mpangaji, kwenye kikao cha Tume cha Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, baada ya Misa ya asubuhi. Aje na kile kitabu cha majina.