Chatu wa Binamu Apewe Nani?

Wale mnaoogopa nyoka mnisamehe, maana wiki hii habari yenyewe ni nyoka tupu.

Binamu yangu yuko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Mama yake anaumwa huku Dar, kwa hiyo anarudi kumuuguza kwa miezi minane. Kazini kapewa ruhusa, chumba kampangishia mtu. Kasheshe ni moja tu: jamaa anafuga chatu wawili!

Usiruke, msomaji. Si yale majitu ya porini kwetu yanayomeza swala. Hawa ni chatu wadogo wa Afrika Magharibi, urefu kama mita moja na nusu, ambao wakitishwa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kule watu wengi wanawafuga ndani.

Wabongo wenzake walimkatalia wote, mama mmoja akamwombea dua kwenye simu. Hoteli za wanyama zipo, lakini zinatoza kwa siku. Zidisha mara 240 uone.

Akanipigia akiwa amebakiwa na watu wawili. Wa kwanza ni kijana anayehusudu nyoka kupindukia: ana wake sita, kutwa anawashikashika na kupiga nao picha. Wa pili ni mzee jirani yake, mstaafu, nyoka hawapendi wala hawachukii, ila ni mtu wa daftari. Nikamwambia, mpe mzee.

Sababu ni hii. Chatu mkubwa anakula mara moja kwa wiki moja au mbili, panya aliyegandishwa kwenye friza na kuyeyushwa. Panya hai anaweza kumng'ata nyoka vibaya. Na akiwa na afya, chatu huyu anaweza kususa chakula hata miezi asidhurike. Kwa hiyo mlezi mwenye huruma nyingi, wa kushindilia chakula na kubembeleza, ndiye wa kuogopa. Kisichosubiri ni joto: upande mmoja wa sanduku nyuzi kama 32, wa pili 26 hivi. Akipata baridi chakula hakisagiki, anatapika, mapafu yanaugua. Na Ohio baridi yake usipime! Hapo anatakiwa mtu wa kusoma kipimajoto kila asubuhi na kuandika. Tena wale sita wa kijana wangeweza kuwaambukiza utitiri.

Makubaliano wameyaandika: pesa ya daktari wa mifugo imeachwa, simu yake ipo. Mke wa mzee kakubali, lakini hataki panya kwenye friza ya nyama yake. Ikabidi binamu anunue ndogo ya pembeni. Haki yake mama huyo!

Ubishi ulikuwa kwenye kipengele cha mwisho: asiporudi je? Alinuna, akaona namchuria. Lakini ugonjwa wa mzazi hauna kalenda, na chatu hawa huishi hata miaka 30. Mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na miaka 62! Huwezi kumfunga mzee wa watu hivyo. Wameandika kwamba ukipita mwaka mmoja, mzee ana ruhusa kuwatafutia kwao kwingine, akianza na yule kijana.

Binamu anatua Alhamisi. Mama yake hajui lolote kuhusu chatu, na nyie mkimwona Magomeni msimwambie.