Tuzo ya mhitimu imfikie angali kwenye mapambano

KILA mwaka vyuo vikuu huwaita ukumbini wahitimu wao wa zamani na kuwatuza kwa huduma ya kibinadamu na ya kiraia. Mjadala huwa ni nani anayestahili. Swali zito zaidi, ambalo aghalabu hukwepwa, ni wakati gani tuzo hiyo hutolewa.

Mfano ulio wazi zaidi nchini Kenya ni wa marehemu Profesa Wangari Maathai.

Mnamo 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Alifundisha huko hadi 1982 alipojiuzulu ili agombee kiti cha ubunge. Alizuiwa kugombea kwa sababu za kiufundi, na aliporudi kuomba kazi yake, chuo kilikataa kumpokea.

Mnamo 1989 aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wabunge walimkejeli na vuguvugu lake la Green Belt likafurushwa katika ofisi zake. Wafadhili wa kigeni walipojitenga na mradi huo, ulikufa.

Ni katika kipindi hicho, mwaka wa 1990, ambapo chuo cha Benedictine cha jimbo la Kansas, Marekani, kilimtunuku medali yake ya Offeramus. Maathai alikuwa amehitimu 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, ambacho baadaye kiliunganishwa na kingine kuunda Benedictine.

Nyumbani heshima ilichelewa. Miaka miwili baada ya medali hiyo, polisi walimpiga hadi akazirai. Nishani za taifa alizipata 2003 na 2004, baada ya serikali kubadilika, na mwaka huo wa 2004 akatwaa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Maathai alicheza kwao, akatuzwa ugenini kwanza.

Historia hii ina maana kubwa kwa maeneo kama Kipsing, katika sehemu ya Oldonyiro, kaunti ya Isiolo. Wakazi wake, wengi wao wafugaji, hutegemea malisho ya pamoja na mto wa msimu ambao maji yake, mvua inapokoma, hufukuliwa mchangani.

Serikali ilipozindua mradi wa LAPSSET mnamo 2012, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, pengo la Kipsing lilitajwa kuwa mahali pa kujengwa mji wa kitalii. Kwa wapangaji wa maendeleo, hapo ni lango la watalii na ajira. Kwa mfugaji, hapo ni njia ya mifugo wakati wa kiangazi.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao. Lakini sheria haijisomi yenyewe. Inahitaji mtu anayeielewa, anayeweza kuketi na wazee chini ya mti asubuhi na kuzungumza na maofisa mchana. Mara nyingi mtu huyo atakuwa mhitimu wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani.

Mhitimu huyo hatapendwa na wote. Wapo watakaomwita adui wa maendeleo, kama Maathai alivyoitwa. Je, chuo kilichomsomesha kitamtambua wakati huo, au kitangoja awe jina la jengo?

Wasimamizi wa vyuo wana hoja yao. Vyuo vya umma hutegemea fedha za serikali, na kumtuza mtu aliye katikati ya mzozo ni kama kuchukua upande. Aidha, muda huchuja mashujaa wa kweli na wa bandia.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Chuo kinaweza kutuza kazi inayoonekana, kama vile familia zilizosaidiwa kujua haki zao, visima vilivyolindwa au jamii zilizopatanishwa, bila kuamua nani mshindi wa kesi.

Tuzo inayotolewa baada ya ushindi humpamba zaidi anayeitoa. Inayotolewa mapema humpa mpokeaji kinga: humfanya ofisa afikiri mara mbili kabla ya kumpuuza, na humwambia mwanafunzi wa Kipsing kwamba kurudi nyumbani si kushindwa maishani.

Maathai alifariki Septemba 25, 2011. Vyuo vya Kenya havikosi namna ya kumkumbuka. Mtihani wao ni kumtambua anayefuata nyayo zake kabla wengine ng'ambo hawajamtambua.