Mahindi Yalifika, Moyo Haukuulizwa

Mwezi uliopita nilikwenda Kawangware kumzuru jamaa yangu mgonjwa. Langoni mwa ploti nikakutana na bawabu wa usiku ambaye, kwa matamshi tu, nilimjua ni mtu wetu wa Ganze. Alikuwa na ng'ombe 14. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulimwachia mmoja, akamuuza kwa bei ya mbuzi apate nauli. Mwenziwe wa Tana River yuko Kibera, kisa ni hicho hicho. "Mchana silali, ndugu yangu," akanambia. "Nikifumba macho nawahesabu, mmoja mmoja."

Misimu mitano ya mvua ilikatika kwa kufuatana. Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa, na mahindi na maharagwe yakaletwa. Hilo tushukuru. Lakini nani aliyemuuliza mtu aliyepoteza zizi zima kama analala?

Kwetu mtu akinyamaza sana twasema ana upepo, apungwe. Au asomewe, na kusomewa ni kheri, sina neno hapo. Ila shekhe akishaondoka, zizi bado ni tupu. Na anayewaza kujitoa uhai alikuwa akiogopa hata kusema, kwa sababu kujaribu kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipoitangua sheria hiyo Januari 2025.

Cha ajabu, dawa moja ilijaribiwa hapo hapo Kawangware. Mwaka 2015 wanawake 421 wa mitaa ya Dagoretti, wengi wao waliopitia ukatili, waliingizwa katika utafiti. Nusu yao walikaa mara tano na wahudumu wa afya wa mtaani, wiki kwa wiki: kutuliza pumzi, kupanga tatizo linalotatulika, kurudi kwa watu. Hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Nusu nyingine walielekezwa kwa muuguzi wa zahanati. Dhiki ilipungua zaidi kwa wale wa kwanza.

Wahudumu kama hao leo wako nchi nzima. Septemba 2023 walizinduliwa 100,000, wakapewa mikoba ya kupimia presha na sukari. Ganze wanao, Magarini wanao. Kilichobaki ni kuwafunza, na kuwalipa kwa wakati.

Najua mtasema mfugaji si mama wa mjini. Kweli. Mzee wa Bamba hatamfungulia moyo binti wa umri wa mwanawe. Basi na wafunzwe wazee wenziwe, wakae naye barazani baada ya Alasiri, au pale foleni ya chakula inapopangwa, kwa sababu maneno matupu hayashibishi.

Mke wa yule bawabu bado yuko Ganze. Kabla hatujaagana alinambia mhudumu wa afya humpitia kumpima presha. Nikamuuliza, je, kuna jingine amuulizalo?

"La. Humpima, akaandika, akaenda."